Fundi Eulogio na Jiwe la Kinu cha Korongo

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, Bwana Eulogio Baena Luque, fundi wa kinu katika Bustani yetu ya Vinu hapa Kordoba, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba na miezi mitatu. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe, ukurasa mmoja tu, usizidi. Ukurasa mmoja! Mtu anayetumia dakika ishirini kumwelekeza mgeni choo kilipo, mimi nitamweneza vipi kwenye ukurasa mmoja? Nitazidisha, na mkuu wa bustani atanisamehe.

Mimi ni Araceli Montilla, mwongoza wageni, na nimefanya kazi naye miaka kumi na miwili. Niseme mapema kwamba hizi si sifa tupu. Tumegombana sana, mimi na Fundi, na mara nyingi haki ilikuwa yangu.

Tangu ile barua ya ofisi itoke mwezi Machi, kila ninayekutana naye getini ananiuliza swali moja, wala si la keki ya sherehe. Eulogio akiondoka, jiwe litaendelea kuzunguka? Mnakumbuka barua ilivyosema. Kati ya vinu vinne vilivyobaki ukingoni, kinachosaga ni kimoja, Kinu cha Korongo. Asipopatikana mtu anayejua kulichonga jiwe lake na kuliendesha, mlango wa maji utafungwa kwa mnyororo, jiwe litawekewa kioo, na wageni watasikilizishwa sauti ya kusaga kutoka kwenye spika. Spika, jamani! Eulogio aliisoma barua hiyo mara moja, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza yetu inayoyumba. Meza haiyumbi tena.

Aliajiriwa Februari 1987, wakati bustani inafunguliwa, na kazi yake ilikuwa kukata matete. Vinu vilikuwa vimejaa tope na viota vya ndege. Msagaji wa mwisho wa Kinu cha Korongo, Mzee Acisclo, alikuwa akija kila asubuhi, anakaa ukingoni na kofia yake, anawatukana wakata matete kwa jinsi wanavyoshika mundu. Wote walimnyamazia kwa heshima ya uzee wake. Eulogio, ambaye alikuwa na miaka ishirini na minane na mdomo mrefu, alishindwa.

"Si ushuke basi ukate mwenyewe!" akamwambia.

"Mimi sikati majani, mimi nasaga ngano. Wewe unajua nini?"

"Sijui chochote."

"Afadhali. Hawa wenzako wanadhani wanajua. Panda huku."

Akapanda, na hakushuka tena mpaka wiki hii. Miezi ishirini walichimba tope pamoja, na maji yalipofunguliwa, watu wa ng'ambo ya daraja walikuja na vikapu kuona kama ni kweli. Acisclo hakumpa nyundo ya kuchongea jiwe mpaka mwaka wa nne. Hilo Fundi husimulia kwa majivuno, lakini mimi nilikuwa nikilisikia kama onyo.

Kwa waalikwa ambao hawajawahi kuvuka ile kamba ya wageni, nieleze kidogo. Mawe ni mawili, moja juu ya jingine. La chini limetulia, la juu linazungushwa na maji, na katikati yake pana nafasi ya unene wa karatasi. Ngano inapita hapo. Nyuso za mawe zina mifereji iliyochongwa, na mifereji hiyo inalika kwa kazi, kwa hiyo kila baada ya miezi michache jiwe la juu, lenye uzito wa karibu tani moja, huinuliwa kwa winchi, hulazwa chali, na fundi huinama juu yake kwa siku kadhaa akilichonga upya. Ukichonga kina zaidi ya inavyotakiwa, unapata pumba. Ukikosea kidogo upande mmoja, jiwe linapiga kelele kama kiti kinachokokotwa sakafuni.

Kelele hizo Eulogio anazisikia akiwa getini. Simu haisikii. Mkuu wa bustani akimwita hasikii, hata akimwita mara tatu, na daktari ameandika kwamba sikio la kushoto limekwisha. Lakini jiwe likibadilika kidogo tu, anaacha mkate wake wa mafuta ya zeituni mezani na kuondoka mbio. Mkewe, Bi Fuensanta, amelizoea. Siku aliyokuja kumletea miwani aliyoisahau, alituambia hivi: "Mimi hapa ni mke wa pili. Mke mkubwa yuko kule ndani, ana tani moja."

Wageni aliwapokea kwa namna yake. Aliwahi kuja profesa mmoja na wanafunzi wake, akasimama mbele ya jiwe akafafanua kwa saa nzima jinsi vinu vya maji vinavyofanya kazi, na Eulogio yuko pembeni na unga mpaka kwenye nyusi. Profesa alipomaliza, Fundi alimshika mkono kwa taadhima. "Asante sana, mwalimu," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza nafanya nini humu." Siku ya mafuriko alibeba sanduku la ngano, kengele na nyundo zote mpaka ghorofa ya juu, kisha akarudi majini kumchukua paka ambaye hakuwa hata wetu. Maharusi waliotaka kupigwa picha juu ya jiwe aliwakatalia wote, isipokuwa wawili waliokuja na gunia la ngano.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu. Mwaka wangu wa pili hapa nilimwomba anifundishe kuchonga. Akasema, "Bado." Mwaka wa tatu, bado. Nilipojifungua mtoto nikarudi kazini, nikamwuliza tena, akanitazama tumbo kama vile bado nina mimba, akasema bado. Nilijua kufungua maji, kumimina ngano, kupandisha na kushusha jiwe kwa usukani wake. Nyundo sikuigusa. Barua ya ofisi ilipokuja nilimfuata nikiwa nimevimba. "Fundi, sasa hiyo bado yako itaisha lini? Ukishakufa?" Akapangusa meza. "Usiniwahishe," akajibu. Nilitoka pale nikiwa namchukia, na sioni sababu ya kuficha.

Jumapili ya tarehe 21 Aprili alikwenda kwenye ubatizo wa mjukuu wa dada yake, akaniachia kinu kwa saa mbili. Wageni walikuwa wastaafu arobaini kutoka Jaén. Pale juu ya sanduku la ngano kuna kengele ndogo tunayoiita kengele ya njaa. Imefungwa kwa kamba kwenye kibao kilichofukiwa ndani ya ngano, na ngano ikipungua, kibao kinachomoka, kengele inadondokea jiwe linalozunguka na kupiga makelele. Kila Jumapili kengele hiyo hunikatisha katikati ya hadithi yangu nzuri kuliko zote, ile ya wasagaji wawili na mchumba mmoja. Siku hiyo Fundi hayupo. Nikaifunga kengele kwa leso yangu.

Nilisimulia, haki ya Mungu, kama sijawahi kusimulia. Watu walicheka, wakapiga makofi, nami nikaongeza chumvi. Harufu ya baruti nikaisikia, nikadhani ni mtu amewasha kiberiti. Cheche zikaanza kuruka chini ya jiwe, wazee wa Jaén wakashangilia wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Bibi mmoja tu, mwenye fimbo, hakushangilia. Akanivuta mkono.

"Binti, mimi nimekulia kinuni. Ngano imekwisha, jiwe lako linajila."

Nilikimbia kufunga maji. Nilipoinama kutazama, mifereji ya upande mmoja ilikuwa imelainika kama sahani, na kipande kikubwa kama kiganja kimebanduka ukingoni. Jiwe ambalo lilivumilia mafuriko nililiua mimi kwa leso.

Jumatatu Fundi alikuja, tukaliinua kwa winchi tukalilaza chali. Akapitisha kiganja juu yake pole pole, kutoka katikati mpaka ukingoni, mfereji kwa mfereji. Kisha akaiona leso.

"Uliifunga kengele."

"Niliifunga."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inanikatisha, Fundi."

"Inakukatisha!" Akakaa juu ya gunia. "Kengele ndiyo yenye kazi hapa, wewe na mimi tunaisaidia tu. Nenda nyumbani, Araceli. Leo sitaki kukuona."

Nikaenda. Nililia barabara nzima, na mbele ya kibanda kinachouza supu ya konokono watu waliokuwa wakila wakanipisha njia. Sikulilia kazi yangu. Nililia kwa sababu mkaguzi wa ofisi alikuwa aje tarehe 28 Mei kuamua kuhusu ule mnyororo, na nilikuwa nimemrahisishia uamuzi.

Kesho yake nilimkuta Fundi amekaa kwenye kiti karibu na jiwe. Nyundo tano zilikuwa zimepangwa sakafuni, zote zimenolewa. Nikamwuliza mbona hajaanza, maana siku ni chache. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. Vidole vilikuwa vinatetemeka, viwili vya mkono wa kulia havikunjiki kabisa.

"Tangu Septemba," akasema. "Daktari amenikataza hata kufungua chupa. Ile mara ya mwisho kuchonga, mwezi wa pili, nilifunga nyundo mkononi kwa kitambaa. Ulikuwa likizo, hukuona."

"Mbona hukusema? Si ungenifundisha tangu hapo?"

Maneno aliyonijibu nimemwomba ruhusa kuyaandika, akaniambia niandike tu, maana akishastaafu aibu zake ni mali ya umma.

"Mzee Acisclo aliponipa nyundo, hakurudi tena kinuni. Alikaa nyumbani miaka sita anatazama ukuta. Nilikuwa nakwenda kumwona, haniulizi habari za jiwe, wala mimi simwambii. Mimi nikikupa nyundo, Araceli, nitabaki na nini? Ndiyo maana nikasema bado. Ulikuwa tayari tangu mwaka wa tano. Mimi ndiye sikuwa tayari."

Nilikuwa na hasira ya miaka saba na huruma ya asubuhi moja. Nikainama nikachukua nyundo ya kwanza.

"Hiyo ni ya kumalizia," akasema. "Chukua ile nzito. Mungu wangu, tunaanzia mbali."

Kwa wiki tano jiwe lililala chali na mimi juu yake, nimevaa miwani ya welda aliyoniazima fundi bomba. Eulogio aliketi kwenye kiti chake amefumba macho na kulitegea jiwe lile sikio la kulia. Hakuangalia, alisikiliza tu. "Hapo umepiga kwa hasira, rudia." "Hapo umechoka, kunywa maji." "Sasa hicho ni nini, unachonga jiwe au unatwanga kitunguu saumu?" Nami nikamjibu kwamba kama anataka kitunguu saumu aende kwa mkewe, na kwa kweli saa nane Bi Fuensanta alikuwa akifika na mtungi wa supu yake baridi ya nyanya na mkate, anatukuta tunazozana, anatugawia bila kuuliza nani ana haki.

Kila jioni tulipitisha juu ya jiwe rula ndefu ya mbao iliyopakwa ngeu. Palipoinuka pakapata wekundu, na pale penye wekundu ndipo pa kuchonga kesho. Wiki ya kwanza jiwe zima lilikuwa jekundu. Wiki ya tatu likabaki na madoa. Wiki ya tano Fundi alifumbua macho, akatafuta doa, akalikosa, akasema rula lazima ina kasoro.

Jumatatu ya tarehe 27 Mei tulilirudisha jiwe mahali pake na kufungua maji kwa majaribio. Lilizunguka vizuri, kwa masikio yangu. Unga ukaanza kutoka. Fundi akaukamata kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akanishika mkono akanimiminia kiganjani. Ulikuwa moto.

"Huu haufai," nikasema.

"Kwa nini haufai?"

"Mawe yamekaribiana mno."

"Pande zote?"

Nilisimama nikasikiliza. Mara ya kwanza nikasikia mlio mmoja tu, kama kila siku. Kisha ndani ya mlio ule nikasikia mwingine mdogo, unakuja kila mzunguko, mahali pale pale. Nikamwambia ni ule upande uliobanduka, mifereji mitatu baada ya kovu, kina hakitoshi. Akaenda kufunga maji. Tukaliinua tena tani moja ile, tukiwa na saa chache tu, nikachonga mifereji mitatu. Alitazama mlango muda wote, hakunisahihisha hata mara moja.

Jumanne mkaguzi alifika saa nne na nusu asubuhi, mhandisi wa kike mwenye kofia ngumu na fomu. Nilikuwa ndani, na Fundi mwenyewe hayupo. Saa nne na robo alikuwa hajafika, mtu asiyechelewa hata siku ya harusi yake. Nikampigia simu, na kama kawaida hakusikia.

Baadaye msichana wa getini alinisimulia. Eulogio alikuwa amefika mapema kabisa, akajiunga na foleni ya watalii wa Kijerumani na akina mama wa mtaani, amevaa shati la Jumapili. Alipofika dirishani akaomba tiketi moja ya mzee. Msichana akacheka akidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Akalipa, akapokea tiketi, akaingia na kundi, akasimama nyuma ya kamba kati ya Mjerumani na mama mmoja mwenye mkoba wa mboga.

Hapo ndipo nilipomwona. Nikamwashiria avuke. Akatikisa kichwa na kunionyesha tiketi.

Nikafungua maji mwenyewe, nikamimina ngano, nikashusha jiwe kwa usukani mpaka mlio ukashika. Mkaguzi akachukua unga, akausugua, akauweka kwenye shavu lake, jambo ambalo sikutegemea mhandisi analijua. Ulikuwa baridi. Kengele ya njaa ikaangukia jiwe katikati ya maswali yake, akaruka kwa mshtuko, nami nikamwacha hapo na swali lake mdomoni nikaenda kumimina gunia la pili. Niliporudi alikuwa ametoa kalamu.

"Nahitaji jina la fundi mwenye dhamana ya jiwe," akasema. Akageuka kwa Eulogio, kwa sababu mji mzima unamjua. "Bwana Baena, niandike wewe mpaka Ijumaa?"

"Mimi nimekuja kutembea tu, bibi," akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Jiwe lile sijaligusa hata kwa ukucha. Fundi ni yule pale. Na anachonga vizuri kuliko nilivyochonga mimi mwaka wangu wa kumi, ila asiambiwe."

Jina langu likaandikwa. Mnyororo hautafungwa, na spika irudishwe ilikonunuliwa. Wageni walipotoka nilikwenda kwenye kamba, naye bado amesimama upande wake. Tulikumbatiana kamba ikiwa katikati. Akaniambia sikioni kwamba usiku uliotangulia aliogopa kuliko siku ya mafuriko, kisha alipousikia mlio wa jiwe asubuhi ile hofu ilimwisha, na kwamba hajisikii mtupu kama alivyodhani. Anajisikia njaa. Bi Fuensanta alikuwa anamngoja kwenye kibanda cha konokono, akaenda, na jiwe linaendelea kuzunguka nyuma yake.

Huyo ndiye mwenzetu anayetuacha. Fundi Eulogio, wafanyakazi wa Bustani ya Vinu, kuanzia wakata matete mpaka mkuu uliyekuwa humsikii, tunakushukuru kwa miaka thelathini na saba ya unga, makelele na uungwana. Mimi nakushukuru kwa wiki tano. Tunawatakia wewe na Bi Fuensanta afya, siku ndefu, mikono isiyouma na usingizi wa mchana usiokatishwa na mtu.

Jumapili saa sita mchana nitafungua maji. Najua asubuhi utaanza kutafuta viatu. Bi Fuensanta, tafadhali vifiche. Kaeni uani kwenu, kuleni taratibu, nawe Fundi usitege sikio upande wa mto. Jiwe likikosea, nitalisikia mwenyewe.